Wakishaomba, Mambo Yamekwisha

Ukitaka kumkasirisha Wacera, mwambie "ni sawa tu". Mwambie hivyo asubuhi kabla hajanywa chai, na utaona vile droo ya meza inavyoweza kufungwa mpaka kalamu ziruke. Kazi yake ni kusimamia wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo, nje kidogo ya mji wa Nyeri, na tangu aajiriwe pale hajawahi kumsikia mtu akisema jambo lingine ndani ya mkutano. Viatu vya gumbuti vinavuja? Ni sawa tu. Choo cha wanaume hakina mlango? Ni sawa tu, madam, tumezoea. Halafu mkutano ukiisha, hao hao wanasimama nje ya geti, mikono kwapani kwa sababu ya baridi, na hapo sasa ndipo utasikia maneno. Mlango wa choo utajadiliwa hapo mpaka giza liingie.

Si kwamba hakujaribu. Alitafuta fundi wa rangi akamwandikia ukutani, juu ya mlango wa stoo, UWAZI, UMOJA, UADILIFU, herufi kubwa za kijani, na watu wakaisifu rangi. Akaweka sanduku la maoni jikoni. Kutoka Krismasi hadi Krismasi lile sanduku lilitoa kadi moja ya harusi ya Karatina, karatasi ya peremende, na ujumbe usio na jina uliosema, "Mungu azidi kukubariki madam." Nani sasa atafanya kazi na maoni kama hayo?

Basi akapelekwa semina Nanyuki. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti iliyombana mabega, lakini wacha tumpe haki yake, alisema jambo. Alisema kila kampuni ina mila zake kama ukoo ulivyo na mila zake, na mgeni akitaka kuzielewa asisome tu kilichoandikwa ukutani, wala asiridhike na majibu anayopewa akiuliza. Atazame watu wanafanya nini wakiogopa. Wacera alirudi nyumbani na hilo neno, akalipika pamoja na githeri ya jioni, akaona kijana amekosea mahali pamoja tu. Mtu wa kwetu akiogopa hafanyi kitu. Anaomba. Na hilo Wacera hakuwa amelifikiria hata siku moja, kwa sababu na yeye alikuwa akiomba pamoja nao.

Mikutano yote ya kiwanda ilifunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi. Hapo hakuna ubaya. Wacera mwenyewe ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Ubaya ulikuwa katika matumizi. Meneja wao, Peterson Mwai, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, shati limenyooshwa, hajawahi kumfokea mtu. Hakuwa na haja. Akiona mazungumzo yanaelekea pale asipopenda, alitazama saa, akavua kofia, akasema kwa upole, "Basi watu wa Mungu, tusimame tufunge." Sasa nani atakaa? Utamwambia mzee wa kanisa angoje kwanza asiombe? Na wakishasema Amina, basi. Jambo lililofungwa kwa maombi halifunguliwi tena. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo pekee iliyofuatwa na kila mtu bila kukumbushwa.

Lori la pumba za mchele lilikuja kutoka Wang'uru wakati wa mvua ndefu, na turubai lilikuwa na matundu. Theuri, fundi wa mashine ya kuchanganya, alitia mkono ndani ya gunia, akautoa, akaunusa. Huyu Theuri ni mtu wa makamo, mrefu, mwenye aibu nyingi kuliko urefu wake, na kumwona akimwendea meneja ilikuwa ni ajabu yenyewe.

"Bosi," alisema, "hii imeanza kunuka. Ikienda kwa kuku itatuletea shida."

"Changanya na ile kavu," Peterson akamjibu. "Kuku hana pua."

Alisema hivyo mbele ya watu, pale pale stoo. Mutahi, dereva wa lori, alikuwa hapo akikunja turubai lake. Watiri, mwenye stoo, alikuwa hapo na funguo zake. Wacera naye alikuwa hapo, ameleta gumbuti mpya, ameshika jozi mbili mkononi akisubiri watu wajaribu saizi. Wote walisikia. Theuri akachanganya.

Kuku wa Kianyaga ndio waliotangulia kuacha kutaga. Halafu wakaanza kufa. Wafugaji walipanda wakaja mpaka kiwandani na gunia la kuku waliokufa, wakalimwaga juu ya meza ya mapokezi, na nakwambia harufu yake ilikaa pale kuliko wao. Mwenye kiwanda alipouliza, Peterson akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema Theuri siku hizi anachanganya vibaya, labda ni macho, labda ni uzee, ni vibaya kusema lakini ukweli lazima usemwe. Theuri akaambiwa akae nyumbani mpaka mkutano wa Ijumaa.

Usidhani ni jambo dogo. Fundi akifukuzwa kwa kuua kuku wa watu, habari zake zitafika Timau kabla yake. Hakuna kiwanda kitamfungulia geti. Theuri hajui kazi nyingine. Ile mashine ameishi nayo kuliko alivyoishi na mkewe.

Mwenye kiwanda ni Sudha, ambaye kila mtu humwita Mama Dhaval kwa jina la kijana wake. Amezaliwa Karatina, akaolewa Nyeri, na biashara aliachiwa na baba mkwe wake, marehemu mzee Haridas, aliyeianza kwa duka moja la mbegu. Kikuyu anaongea, Kiswahili anaongea, na akikutazama kwa juu ya miwani unakumbuka dhambi zako. Alimwita Wacera ofisini.

"Mama Munene," alisema, kwa sababu Munene ndiye kifungua mimba wa Wacera, "mimi najua nyinyi. Tangu hiyo kuku ikufe, watu wanakuja kwangu kwa mlango ya nyuma. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, na kila mmoja ananiambia, usiseme ni mimi. Mzee alinifundisha habari ya mlango ya nyuma nisishike. Mimi sifukuzi mtu kwa umbea na siokoi mtu kwa umbea."

"Ni kweli, Mama."

"Ijumaa nitakuja nikae. Mtu mmoja asimame aseme kile ameona, Peterson akiwa hapo anasikia. Mmoja tu. Kama hakuna, Theuri aende."

Wacera alitoka pale karibu aimbe. Mtu mmoja? Watu wanne walikuwa stoo. Aliona kazi imekwisha. Ndivyo mtu anavyofikiria akitoka semina.

Alianza na Watiri. Watiri alifunga mlango wa stoo, akafunga na dirisha, halafu akasimulia yote bila kuulizwa mara ya pili, pumba, harufu, kuku hana pua, mpaka kofia aliyovaa Peterson siku ile. Machozi yalimtoka kwa ajili ya Theuri.

"Vizuri sana," Wacera akamwambia. "Sasa Ijumaa utasema hivyo hivyo."

"Wapi?"

"Mkutanoni."

Watiri akamtazama kama aliyetukanwa. "Madam, Peterson ndiye alinishika mkono nikaingia hapa. Sisi tunakaa benchi moja kanisani. Nitamwaibisha aje?"

"Na Theuri je?"

"Theuri tunamwombea," Watiri akasema, akamfungulia mlango.

Mutahi ndiye alimmaliza kabisa. Mutahi ni mtu wa mdomo, barabarani anajibizana mpaka na askari, na Wacera alikuwa amemwekea tumaini. Alimkuta jikoni akinywa chai. Akakubali kila neno, akaongeza na mengine, akamwita Peterson majina ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Lakini aliposikia habari ya kusimama mbele ya watu, sauti ilimpungua.

"Unajua madam, mimi ni mtu wa gari. Mambo ya ndani iko na wenyewe."

"Lakini ulisikia."

"Nilisikia. Na wewe si ulisikia?"

Wacera alisikia. Lakini alikuwa na jibu lake, na alikuwa amelitengeneza vizuri. Yeye ni mwenye kusimamia mkutano. Msimamizi hawezi kuwa shahidi. Itaonekana amechagua upande. Kazi yake ni kuwafanya watu waseme. Jibu hilo lilimkaa vizuri kama koti la kushonesha, naye hakuligeuza kuona upande wa ndani.

Akaenda mpaka kwa Theuri mwenyewe, kule King'ong'o. Alimkuta anapalilia viazi, na bintiye Shiro akawaletea viti nje. Hapa angalau, alifikiri, atapata hasira. Mtu ananyang'anywa kazi yake, lazima awe na hasira.

"Baba Shiro, Ijumaa utasimama ujitetee?"

Theuri akafuta udongo kwenye jembe kwa kidole, polepole. "Nisimame nigombane na mzee wa kanisa mbele ya vijana? Hapana, madam. Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini Mama Dhaval hajui."

"Atajua siku yake ikifika."

Wacera alishika njia ya kurudi akiongea peke yake mpaka watu wakampisha. Hawa ni watu gani? Kila mmoja ana ukweli mzima mfukoni na hakuna anayetaka kuutoa hadharani. Nani atamfunga paka kengele, kila mtu anauliza, na kumbe paka mwenyewe hana hata kucha, ana saa na kofia tu. Usiku huo mumewe, Nderitu, alimuuliza kama chumvi inatosha, naye akamjibu "ni sawa tu" kabla hajajisikia. Alikasirika zaidi.

Ijumaa ikafika. Walikaa ndani ya stoo juu ya magunia, kama kawaida, chini ya zile herufi za kijani. Mama Dhaval alipewa kiti cha plastiki mbele. Theuri alikaa mwisho kabisa, amevaa koti la kanisani. Peterson akafungua kwa maombi, akaeleza habari za kuku wa Kianyaga kwa sauti ya msiba, akasema anampenda Theuri kama ndugu. Halafu akakaa.

Mama Dhaval akazungusha macho polepole kutoka gunia hadi gunia. "Kuna mtu ako na neno?"

Ungewaona. Watiri alikuwa akihesabu funguo zake kana kwamba moja imepotea. Mutahi akakohoa, Wacera akainuka nusu kwa matumaini, lakini Mutahi alikuwa anakohoa tu. Theuri alitazama mikono yake.

"Watu wawe huru," Wacera akasema. "Hapa tunazungumza kwa uwazi." Alijisikia akisema maneno ya ukutani. Neno lenyewe lilikuwa pale, nyuma ya meno: mimi nilikuwepo. Hakulitoa. Alimtazama Watiri tena, kwa macho ya kusihi, na Watiri akainama zaidi.

Peterson akatazama saa. Akavua kofia. "Basi watu wa Mungu, kama hakuna neno, tusimame tufunge. Leo tuombewe na madam Wacera."

Watu wakasimama. Na hapo, macho yakiwa yamefungwa, Wacera akapata akili. Akajiambia, ngoja kwanza, hii si ndiyo nafasi? Mtu akiwa anaomba, nani anaweza kumkatiza? Peterson mwenyewe hawezi.

"Baba," akaanza, "wewe unaona hata ndani ya stoo. Uliona pumba zikiteremshwa zimenyeshewa. Ulimwona mtumishi wako Theuri akisema zinanuka. Uliisikia, Baba, ile sauti iliyosema achanganye tu, kuku hana pua. Wewe unajua ni ya nani, na sisi pia tunajua. Usikubali mtu asiye na hatia abebe mzigo wa mwingine. Tunaomba haya tukiamini."

Amina iliyofuata ilitikisa mabati. Wacera akafungua macho, akingoja dunia ianguke.

Haikuanguka. Walikuja kumshika mkono. Watiri alikuwa na machozi. "Madam, hiyo maombi imenigusa," alisema. Mutahi akasema hajasikia maombi ya nguvu kama hiyo siku nyingi. Peterson alikuja mwisho, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Mama, uko na kipawa," akamwambia, taratibu kabisa, "tumwachie Mungu sasa." Akaenda zake kwenye gari lake. Wacera alibaki amesimama na mkono wake hewani.

Akamkimbilia Mama Dhaval, akamkuta anafungua mlango wa gari.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kwa maombi. Nimesema yote."

Mama Dhaval akaweka mkoba juu ya gari. "Mama Munene, mkianza kuomba mimi sisikilizi. Tangu niolewe hapa, mkifunga macho mimi nafikiria nitapika nini jioni. Si heshima kusikiliza mtu akiongea na Mungu wake."

Yakamtoka Wacera yote kwa pamoja, pale kando ya gari, kwamba yeye mwenyewe alikuwa stoo, alisikia kwa masikio yake, Theuri alikataa na Peterson akamwamuru.

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo."

"Na nimeuliza kama kuna mtu ako na neno." Mama Dhaval hakupandisha sauti. "Ukanyamaza. Sasa unanishika kwa gari, hakuna mtu anasikia. Wewe umekuja kwa mlango gani?"

Hasira yote aliyokuwa ameibeba wiki nzima, ya Watiri, ya Mutahi, ya Theuri na viazi vyake, ilimrudia yeye mwenyewe usoni. Alitaka kulia, akaona hata huko kulia ni kupoteza wakati. Akageuka.

Watu walikuwa getini kama kawaida yao. Theuri alikuwa katikati, anafarijiwa, anaambiwa Mungu atafungua mlango mwingine. Gari la Peterson lilikuwa linangoja wapishe, dirisha limeshushwa, naye anawapungia mkono. Wacera akasimama mbele ya hilo gari.

"Rudini ndani," akasema. "Mkutano haujaisha."

Hakuna aliyesogea. Walitazamana.

"Lakini madam," Watiri akasema, "si tumeshaomba?"

"Na ni wewe umetuombea," Mutahi akaongeza. Hakuwa anamchokoza; alikuwa anamkumbusha tu.

"Basi nitasemea hapa hapa." Akamgeukia Peterson. Sauti ilitoka juu kuliko alivyotaka. "Theuri alikwambia pumba zinanuka. Wewe ukamwambia achanganye, kuku hana pua. Nilikuwa nimesimama pale na gumbuti mkononi. Nilisikia."

Peterson akazima gari. "Mama Munene, hayo maneno tulishafunga."

"Hatukufunga. Uliyaona yanakuja ukakimbilia maombi, na mimi nikakusaidia kukimbia. Sasa sema. Ulisema ama hukusema?"

Mama Dhaval alikuwa amefika nyuma yake, mkoba mkononi, hana haraka. Peterson alitazama usukani. Akatazama kofia yake kwenye kiti cha kando, lakini hakuichukua.

"Nilisema," akajibu. "Lakini haikuwa kwa ubaya."

"Theuri, Jumatatu uko kwa mashine," Mama Dhaval akasema. "Peterson, kuja ofisi."

Wale wawili wakarudi ndani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wacera akabaki na watu wake getini, anapumua kama aliyepanda mlima. Alingoja mtu aseme kitu. Hata asante. Hata kumtukana angekubali. Walisimama tu wakitazama chini, na hakuna aliyeondoka, ingawa baridi ilikuwa imeanza kuuma na kila mtu ana kwake.

"Endeni nyumbani," akawaambia.

Theuri akasogea, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote. "Madam, umenisaidia. Lakini sasa umefungua. Hatuwezi kwenda hivi."

"Hivi aje?"

"Bila kufunga."

Aliwatazama. Kofia zilikuwa zimeshavuliwa. Watiri alikuwa ameinamisha kichwa tayari, funguo zimetulia.

"Funga wewe, Baba Shiro," Wacera akasema. Akawapita, akashika barabara ya kwenda mjini.

Nyuma yake akamsikia Theuri ameanza, kwa sauti ambayo kiwanda kizima hakikuwahi kuisikia, kubwa, imenyooka, haina aibu hata kidogo. "Asante Baba," alikuwa anasema, "kwa sababu leo umesema wewe mwenyewe, na sisi watoto wako hatukufungua mdomo." Wote wakaitikia Amina. Wacera akaongeza mwendo, asije akarudi.